Nani Alipokelewa Njiani?

Tarehe 22 Septemba 1978, barabara mpya ya I-40 ilifunguliwa kando ya Seligman, mji mdogo wa Arizona nchini Marekani, na siku hiyohiyo magari yakaacha kupita mjini. Mpaka jana yake watu walikuwa wakiishi kwa Route 66, barabara kuu ya zamani iliyopita mjini: waliuza mafuta, chakula na malazi ya usiku mmoja. Mwaka 1985 Route 66 yenyewe, iliyoanzishwa 1926, ikafutwa katika orodha ya barabara kuu. Kinyozi wa mji, Angel Delgadillo, hakukubali. Mwaka 1987 yeye na wenzake waliunda chama cha kuitetea, wakaishinikiza serikali ya jimbo mpaka ikaitambua kuwa barabara ya kihistoria.

Tsumago, katika milima ya Kiso nchini Japani, ilipatwa na yaleyale mapema zaidi. Ilikuwa kituo cha 42 kati ya vituo 69 vya Nakasendo, njia ya miguu iliyounganisha Edo (Tokyo ya leo) na Kyoto. Mwanzoni mwa karne ya 20 reli ikapita kwingine, wasafiri wakaifuata. Ufukara uliofuata ndio ulioziokoa nyumba, kwani waliobaki hawakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya. Ukarabati ulianza 1968, na mwaka 1971 wakazi wakajifunga kwa ahadi tatu: hatuuzi, hatukodishi, hatubomoi. Nyaya za umeme zimefichwa, na mchana magari hayaruhusiwi katika mtaa mkuu.

Hapo ndipo miji hii inapoachana njia. Seligman humwita mgeni kwa rangi na mzaha. Mgahawa wa Snow Cap, ambao Juan, kaka yake Angel, aliujenga 1953 kwa mbao chakavu za reli, una mlango wenye vishikio viwili, kimoja cha uongo. Mgeni hukivuta, hukisukuma, wenyeji wakacheka, na mwisho hucheka nao. Ni ukarimu wa kweli, lakini unategemea wageni waendelee kuja na kununua. Tsumago ilianza kwa kumbana mwenye nyumba kabla ya kumfikiria mgeni, na naona huo ndio msingi imara zaidi: jirani aliyeahidi mbele ya majirani zake hageuki kirahisi.

Kuna jambo jingine ambalo Tsumago hulionyesha waziwazi. Kituo chake kilipangwa kwa vyeo. Mabwana wakubwa walilala katika nyumba ya wageni iitwayo honjin, waliowafuatia katika waki-honjin, na watu wa kawaida wakajibanza katika nyumba za wageni za kando ya njia. Anayetembelea Okuya, waki-honjin iliyojengwa upya 1877 kwa mbao za mti wa hinoki, hawezi kudhani kwamba kila msafiri alikaribishwa humo.

Route 66 nayo ilikuwa na ubaguzi wake, ila picha za magari ya zamani na taa za neoni huuficha. Mahali pengi palimfukuza msafiri mweusi, hata akiwa na fedha mkononi na watoto wenye njaa garini. Ndiyo maana kuanzia 1936 Victor Hugo Green, mpeleka barua aliyeishi New York, alichapisha kitabu cha mwongozo kilichowaonyesha watu weusi mahali watakapopata chakula na kitanda bila kudhalilishwa.

Katika mji wa Luther, Oklahoma, kando ya njia hiyohiyo, familia ya Threatt, wakulima weusi, ilijenga kituo cha mafuta mnamo 1915 kwa mawe iliyoyachimba katika shamba lake yenyewe. Kilikuwepo kabla Route 66 haijapewa namba. Kiliingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria mwaka 1995, lakini mwaka 2021 bado kilitajwa miongoni mwa maeneo 11 ya Marekani yaliyo hatarini zaidi kupotea. Kama fedha za kuihifadhi Route 66 ni chache, zianzie Luther kabla ya moteli yoyote yenye taa za neoni, kwa sababu pale msafiri aliyefukuzwa kwingine aliweza kusimamisha gari, akajaza tangi na kupumzika bila hofu.