Mchakato wa Kushindwa: Philadelphia 1973 na Philadelphia 2016

Katika semina moja ya sera za umma niliwauliza wanafunzi wangu ni neno gani ambalo mwananchi akiambiwa ofisini hujua kwamba siku hiyo atarudi nyumbani mikono mitupu. Walijibu karibu kwa sauti moja: mchakato. Faili liko kwenye mchakato, malipo yako kwenye mchakato, kibali kiko kwenye mchakato. Tulicheka. Kisha nikawaambia kwamba uko mji nchini Marekani ambako watu waliolipa viingilio walikuwa wakiliimba neno hilohilo kwa shangwe, tena wakiishangilia timu yao ya mpira wa kikapu iliyokuwa ikifungwa karibu kila usiku. Hawakuniamini. Makala haya ni deni langu kwao.

Timu hiyo ni Philadelphia 76ers. Katika ligi ya NBA kila timu hucheza mechi 82 kwa msimu kabla ya mtoano. Msimu wa 1972–73 timu hiyo ilishinda mechi 9 na kupoteza 73. Msimu wa 2015–16, miaka 43 baadaye, ilishinda 10 na kupoteza 72. Mtu akiyatazama majedwali hayo mawili atadhani ni ugonjwa uleule uliorejea. Mimi nadhani ni magonjwa mawili yasiyo na undugu, na kwamba wa pili ndio unaotuhusu zaidi sisi tunaoishi kwa takwimu, mipango na bajeti.

Tuanze na wa kwanza. Mwaka 1967 timu hii ilikuwa bingwa, ikiwa imeshinda mechi 68 na kupoteza 13 tu kabla ya mtoano. Nguzo yake ilikuwa Wilt Chamberlain, na pembeni yake walisimama Hal Greer, Chet Walker na kijana Billy Cunningham. Mwaka 1968 Chamberlain akauzwa Los Angeles. Mwaka uliofuata Walker akaenda Chicago. Mwaka 1972 Cunningham akahamia ABA, ligi pinzani iliyokuwa ikiwavuta wachezaji kwa fedha, na kocha Jack Ramsay naye akaondoka kwenda Buffalo. Aliyebaki ni Greer, mwenye miaka 36, mtu aliyeichezea klabu hiyo tangu ilipokuwa bado Syracuse na haijahamia Philadelphia. Hapakuwa na njama. Nyumba iliuzwa tofali moja moja, na kila aliyeuza tofali alikuwa na sababu yake ya siku hiyo.

Kocha mpya, Roy Rubin, alitolewa chuoni Long Island, na hakuwa amewahi kufundisha timu ya NBA. Timu ilipoteza mechi 15 za mwanzo mfululizo. Ilipofika mechi ya 51 Rubin alikuwa na ushindi mara 4 na vichapo 47, na Januari 1973 akafukuzwa. Uongozi ukamkabidhi jukumu Kevin Loughery, aliyekuwa bado mchezaji. Mechi 11 za kwanza chini yake zikapotea zote. Halafu, jambo ambalo majedwali hayalisimulii vizuri, timu hiyohiyo ikashinda mechi 5 kati ya 7. Wachezaji walewale, jezi zilezile. Kisha ikapoteza 13 zilizobaki. Fred Carter, aliyekuwa akifunga wastani wa pointi 20 kwa mechi, alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa timu mbovu kuliko zote zilizowahi kucheza msimu kamili wa ligi hiyo. Greer alistaafu baada ya msimu huo.

Ninachotaka msomaji akishike hapa ni kwamba kushindwa kwa 1973 kulikuwa na wenyewe. Kocha alifukuzwa msimu haujafika mwisho. Watu waliona haya. Hakuna aliyejitokeza kusema kwamba vichapo 73 ni sehemu ya mpango.

Ili kuuelewa msimu wa pili hatuna budi kuieleza kanuni moja ambayo sisi tuliolelewa na kandanda huipata kwa shida. Kwetu timu ikishika mkia hushuka daraja. Huko hakuna kushuka daraja. Badala yake, kila mwaka klabu hupokezana kuwateua vijana wanaoingia katika ligi, na kwa muda mrefu klabu dhaifu ndizo zilizotangulizwa ili, baada ya miaka michache, nazo zipate nguvu. Kanuni hiyo ni ya huruma, na kwa msingi wake ni ya haki. Kuanzia 1966 zamu ya kwanza iliamuliwa kwa kurusha shilingi kati ya timu mbili, ya mwisho kutoka kila upande wa ligi. Houston walishinda kura hiyo mwaka 1983, wakashika mkia tena, wakashinda tena mwaka 1984 na kumchukua Hakeem Olajuwon, kijana wa Lagos. Minong'ono kwamba watu wanapoteza mechi kwa makusudi ikawa mikubwa kiasi kwamba mwaka 1985 ligi ikaleta bahati nasibu. Hata hivyo, chini ya utaratibu uliokuja kutumika baadaye, timu ya mwisho ilipewa asilimia 25 ya nafasi ya kuteua wa kwanza, zaidi ya timu nyingine yoyote.

Kanuni hii ilitufikia hata sisi. Juni 2009 nilikuwa mhadhiri msaidizi, na usiku mmoja tulikesha watu wanne mbele ya kompyuta moja yenye intaneti ya kusuasua, tukingoja jina la Hasheem Thabeet. Alitajwa wa pili, akachukuliwa na Memphis Grizzlies, Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Tulipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Kilichotupita usiku ule ni swali la kwa nini Memphis walikuwa na zamu ya pili. Walikuwa wametoka katika msimu wa ushindi 24 na vichapo 58. Furaha yetu ilinunuliwa kwa vichapo vya watu wengine. Wala Memphis hawakufaidika: Februari 2010 walimpeleka Thabeet ligi ya chini kwa muda, na mwaka uliofuata wakamuuza Houston, ilhali James Harden alikuwa ameteuliwa nafasi moja tu nyuma yake na Stephen Curry nafasi tano nyuma. Sisemi hivyo kumdhihaki kijana wetu, ambaye alifika mahali ambapo hakuna Mtanzania aliyewahi kufika kabla yake. Nasema tu kwamba zamu ya juu ni tiketi ya bahati nasibu, si hundi ya benki.

Sasa twende 2013. Wamiliki wapya wa 76ers walimwajiri Sam Hinkie kuwa meneja mkuu, msomi wa biashara kutoka Chuo Kikuu cha Stanford aliyekuwa amefanya kazi Houston, mtu wa hesabu na uwezekano. Hoja yake ilikuwa nyepesi na, naungama, ni vigumu kuipinga ubaoni: timu ya wastani haipati ubingwa wala haipati zamu za juu, bila nyota hakuna ubingwa, nyota hupatikana zaidi katika zamu za juu, zamu za juu hupatikana kwa kushindwa. Basi na tushindwe vizuri. Usiku wa uteuzi wa 2013 alimtoa Jrue Holiday, aliyekuwa ametoka kuchaguliwa katika timu ya nyota wa ligi, akampata Nerlens Noel, aliyekuwa majeruhi na hakucheza msimu mzima uliofuata, pamoja na haki ya kuteua baadaye. Mwaka 2014 alimteua Joel Embiid wa Cameroon, aliyevunjika mguu na kukaa nje misimu miwili, na akapata haki ya Dario Šarić, aliyebaki Uturuki miaka miwili. Michael Carter-Williams alipotunukiwa tuzo ya chipukizi bora wa ligi, haukupita mwaka akauzwa naye. Kila kilichokuwa na thamani leo kilibadilishwa kwa ahadi ya kesho.

Matokeo yalifuata kama yalivyopangwa. Ushindi 19, kisha 18, kisha 10. Katika misimu mitatu timu ilicheza mechi 246 na kupoteza 199. Msimu wa kwanza ilifungwa mechi 26 mfululizo. Msimu wa tatu ilianza kwa vichapo 18, na ukiviunganisha na 10 vya mwisho wa msimu uliotangulia unapata 28 bila ushindi hata mmoja. Kichapo cha 29 kilizuiwa tarehe 1 Desemba 2015, walipowafunga Los Angeles Lakers 103 kwa 91, siku ambayo Kobe Bryant, mzaliwa wa Philadelphia aliyekuwa ametangaza kustaafu, alicheza mara yake ya mwisho mjini kwao. Baada ya hapo walipoteza tena hadi wakafika ushindi mmoja kwa vichapo 30.

Mwaka 1973 kocha alidumu mechi 51. Safari hii meneja alidumu karibu misimu mitatu, na mashabiki wakamwimbia. Hapa ndipo neno mchakato linapoonyesha nguvu yake. Kushindwa kukishaitwa hatua, hakuna tena ushahidi unaoweza kukupinga. Ukifungwa, mpango unakwenda vizuri. Ukishinda, hasa mechi nyingi, ndipo uwe na wasiwasi. Tarehe ya mavuno haijawekwa, kwa hiyo haiwezi kupita. Nimewahi kuketi katika vikao, si vya michezo, ambamo ripoti ya utekelezaji ilisomwa kwa mantiki hiyohiyo, na nilikuwa miongoni mwa waliotikisa kichwa kukubali.

Ni nani aliyelipa gharama? Si wamiliki. Ligi ya 1973 ilitegemea sana viingilio vya mlangoni. Ukumbi mtupu ulikuwa hasara ya wiki hiyohiyo. Oktoba 2014, katikati ya vichapo hivi, ligi ilitangaza mkataba wa televisheni wa dola bilioni 24 kwa miaka tisa, na timu ya mwisho ina mgao wake kama timu ya kwanza. Waliolipa ni wachezaji. Kocha Brett Brown hakuwafundisha kushindwa, na walioingia uwanjani hawakuingia kushindwa. Walikuwa vijana kama Robert Covington na T. J. McConnell, ambao hakuna timu iliyowateua, wenye mikataba midogo, wakipigania ajira yao usiku baada ya usiku ndani ya kitabu ambacho mwandishi wake alihitaji wapoteze.

Ligi nayo haikuwa na mikono safi. Oktoba 2014 pendekezo la kupunguza faida ya kushika mkia lilipigiwa kura: klabu 17 ziliunga mkono, 13 zikapinga, na zilihitajika 23. Kila mmoja aliwaza siku atakayokuwa yeye mkiani. Desemba 2015 76ers wakamleta Jerry Colangelo, mzee wa ligi, awe mwenyekiti juu ya Hinkie. Aprili 2016 Hinkie akajiuzulu kwa barua ya kurasa 13, yenye kumnukuu Abraham Lincoln na mwekezaji Warren Buffett. Nimeisoma zaidi ya mara moja. Ni barua ya mtu mwenye akili na mkweli kwa namna yake, na ni ya kufikirisha, lakini wachezaji ndani yake ni mali zaidi kuliko watu.

Watetezi wake husema mchakato ulifaulu, kwa kuwa Embiid alikuja kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2023. Kweli. Lakini zamu ya kwanza ya 2016 ilimleta Ben Simmons, ya 2017 ilimleta Markelle Fultz, na wote wawili waliondoka. Na kwa miaka mingi baadaye timu haikuvuka robo fainali. Linganisheni na timu ile ya aibu ya 1973. Ilimteua Doug Collins wa kwanza mwaka huohuo, ndiyo, ila ikaendelea pia kujenga, ikamnunua Julius Erving mwaka 1976, ikafika fainali mwaka 1977 na kufungwa na Portland ya Jack Ramsay, kocha wao wa zamani. Mwaka 1983, miaka kumi baada ya vichapo 73, ikawa bingwa. Kocha wake alikuwa Billy Cunningham.

Mwaka 2017 klabu hatimaye zilikubali mabadiliko, na kuanzia uteuzi wa 2019 timu tatu za mwisho zilipewa asilimia 14 kila moja. Detroit walishika mkia mwaka 2023 wakaangukia zamu ya tano. Mwaka 2024, baada ya ushindi 14 na vichapo 68, wakaangukia ya tano tena. Msimu uliofuata walisajili wachezaji wazoefu, wakabadilisha kocha, wakashinda mechi 44.

Nilipomsimulia haya afisa mipango mmoja, hakushangaa hata kidogo. Aliniambia kwamba katika eneo lake mradi fulani ulipelekwa kwenye kata zenye viashiria vibaya zaidi, na kwamba mtendaji wa kata jirani alimlaumu kwa dhati kabisa: kwa nini ulituandikia kwamba tumepanda? Nilimwuliza alimjibu nini. Akasema alimwambia suala hilo liko kwenye mchakato.

Aprili 2016, Hinkie akiwa ameshaondoka na siku chache tu zimebaki za msimu, 76ers waliwafunga Milwaukee 109 kwa 108 baada ya dakika za nyongeza. Ulikuwa ushindi wa kumi, ule uliowatenga na rekodi ya 1973. Haukubadilisha nafasi yao katika bahati nasibu. Hakuna hesabu iliyouhitaji. McConnell, kijana ambaye hakuteuliwa na yeyote, alikuwa bado analipwa kucheza mpira wa kikapu mwaka 2025, akiwa na Indiana, katika fainali.