HOSPITALI YA WAGENI: KUTA, NYUSO NA MAJINA



Katika toleo hili la kumbukumbu, naomba tutazame mbali kidogo, hadi bandari ya New York nchini Marekani, kwenye kisiwa kiitwacho Ellis Island. Kati ya mwaka 1892 na 1954, wahamiaji wapatao milioni 12 walipitia hapo. Wengi walitoka Ulaya wakikimbia ufukara na mateso, miongoni mwao Wayahudi wa Urusi.

Abiria wa daraja la chini walipita mbele ya madaktari. Aliyeshukiwa kuwa mgonjwa aliandikwa herufi ya Kiingereza kwa chaki kwenye nguo yake: E kwa macho, H kwa moyo. Trakoma iliogopwa sana, na mwenye nayo aliweza kurudishwa alikotoka.

Hospitali ya kisiwa hicho ilifunguliwa mwaka 1902, na mwaka 1911 ikaongezwa ya magonjwa ya kuambukiza. Wengi walipona wakaendelea na safari. Humo walizaliwa watoto wapatao 350, na watu wapatao 3,500 walifariki, mji waliouendea ukiwa ng'ambo tu ya maji.

Kituo kilifungwa mwaka 1954. Jengo kuu la mapokezi lilikarabatiwa, likafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1990. Hospitali iliachwa. Paa zilivuja, rangi ikabanduka, mimea ikaota ndani. Nionavyo mimi, watu husherehekea upesi mlango walioingilia kuliko wodi walimozuiliwa.

Mwaka 1998 mpiga picha Stephen Wilkes aliingia katika majengo hayo, akaendelea kuyapiga picha kwa miaka mitano hivi. Picha yake moja ni ya wodi ya kifua kikuu, ambamo kioo kilicho juu ya sinki kinaonyesha Sanamu ya Uhuru iliyo nje. Kazi hiyo ilisaidia kulishawishi Bunge la Marekani kutoa dola milioni 6 ili majengo yasiporomoke. Mwaka 2014 wageni walianza kutembezwa humo wakiwa wamevaa kofia ngumu.

Hata hivyo, kuta pekee hazitoshi. Mapema katika karne ya 20, Augustus Sherman, karani wa kituo hicho, aliwapiga picha wahamiaji wenyewe. Nyingi ziliandikwa taifa au kabila tu, bila jina la mtu. Mwaka 2014 msanii Mfaransa aitwaye JR alibandika picha kuukuu za wahamiaji, zilizokuzwa, ndani ya hospitali hiyo. Nyuso zilirudi, lakini kumrudishia mtu jina ambalo halikuandikwa ni kazi ngumu mno.

Nasi je? Zahanati za kambi hujengwa kwa miti, matope na maturubai. Kambi ikifungwa, hazidumu hata kuwa magofu, na atakayekuja na kamera baadaye hatakuta ukuta wa kupiga picha. Hivyo hatuna budi kuanza sasa. Napendekeza kila mtaa uwe na daftari la majina ya wakunga, wauguzi na wahudumu wa afya, ya watoto waliozaliwa hapa, na ya waliofariki, kwa ridhaa ya familia zao. Ugonjwa wa mtu ubaki siri yake. Ndugu zetu wa mashirika wenye kamera watusaidie kupiga picha za majengo, na chini ya kila picha ya mtu aliyekubali, jina lake liandikwe kamili.