Karo na Mfuko wa Mzazi katika Laini Saba

Historia ya elimu aghalabu huandikwa kwa sheria za serikali na majina ya wakubwa. Lakini iko historia nyingine, iliyoandikwa kwa senti za wazazi. Na tuitazame katika Laini Saba, kijiji kimojawapo cha Kibera, mjini Nairobi.

Kibera ilikuwa msitu walimokaa askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20. Jina la Laini Saba husemwa kuwa limetokana na shabaha, kwa kuwa hapo askari walijifunza kulenga bunduki. Baada ya uhuru wa 1963 walihamia watu wengi waliotafuta kazi mjini. Nyumba ziliongezeka, lakini serikali haikuuhesabu mtaa ule kuwa makao halali, wala haikujenga humo shule za kutosha.

Kenya imeahidi elimu ya msingi bila karo zaidi ya mara moja. Mwaka 1974 karo ilifutwa katika madarasa manne ya kwanza. Punde shule zikadai mchango wa majengo, ambao mahali pengi uliipita karo yenyewe. Mwaka 1988 serikali iliwataka wazazi wachangie gharama. Januari 2003 karo ilifutwa tena, katika madarasa yote manane, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka shuleni.

Je, mzazi wa Laini Saba alitua mzigo wake? La. Shule za serikali zilikuwa pembezoni mwa Kibera, na madarasa yake yalifurika. Mtaalamu Mwingereza, James Tooley, na wenzake walihesabu humo, mwaka huo wa 2003, shule 76 za watu binafsi zenye wanafunzi zaidi ya 12,000. Wazazi maskini walilipa karo ilhali shule isiyo na karo haikuwa mbali, kwa kuwa walitaka mwalimu awezaye kumwona kila mtoto. Tena shule isiyo na karo si shule isiyo na gharama: sare, viatu na madaftari havikufutwa na amri yoyote.

Mwaka 1857 Ernst Engel, mtakwimu wa Ujerumani, alionyesha kwamba kadiri nyumba ilivyo maskini, ndivyo chakula kinavyochukua sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake. Ondoa unga, ondoa kodi ya chumba, ondoa maji ya kununua kwa mtungi. Kinachosalia ni kidogo, na humo ndimo karo hutoka. Kwa hiyo shilingi 500 za tajiri na shilingi 500 za mama afuaye nguo za watu hazina uzito mmoja. Za tajiri ni masalio. Za mama yule ni chakula cha jioni. Akiugua juma moja, mwanawe hurudishwa nyumbani, na somo lililompita huenda lisirudi.

Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2021 ilieleza kwamba, duniani kote, karibu 30 katika kila 100 ya fedha za elimu hutoka mifukoni mwa jamaa za wanafunzi. Taifa likihesabu fedha za hazina peke yake, litajisifu kwa mzigo uliobebwa na wengine, na halitamwona aliyeanguka nao njiani.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini yafaa tuulize haba hiyo imetoka katika chungu cha nani.