Fizikia ilishapita Malindi kitambo

Kila darasa lina mtu wa kuuliza, "Fizikia itanisaidia na nini?" Jibu huwa lile lile: "Itakuja kwa mtihani." Wasee, kuna jibu poa zaidi.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikifikisha miaka 7 ya uhuru, Waitalia walirusha setilaiti ya Marekani kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Ndiyo ya kwanza kuundwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani, na ilisaidia wanasayansi kutambua shimo jeusi la Cygnus X-1.

Sasa, mbona Malindi? Sababu moja ni mwendokasi. Dunia inajizungusha, na kwa ikweta ardhi inakimbia karibu kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki. Roketi ikirushwa upande huo, inaanza na hiyo spidi bure. Ni kama kurusha mpira mbele ukiwa ndani ya matatu inayokimbia.

Ikweta ni yetu, lakini hesabu walipiga wengine. Ukikremu fomula bila kuuliza "mbona", utakaa juu ya mali bila kujua bei yake.