Eti Nafasi za Wasichana Hazitoshi

Wengi tunamjua Tina Fey kwa sura: yule dada wa miwani aliyekuwa akisoma habari za mzaha katika kipindi cha Saturday Night Live, kule Marekani. Leo nataka tutazame miaka minane iliyotangulia kiti kile, maana ndiyo inayotuhusu sisi wenye madaftari yaliyojaa na majina yasiyojulikana.

Alizaliwa mwaka 1970 Upper Darby, kando ya jiji la Philadelphia. Alisomea maigizo katika Chuo Kikuu cha Virginia, akamaliza 1992, akahamia Chicago. Kwa nini Chicago? Kwa sababu ya Second City, ukumbi wa vichekesho ulioanzishwa 1959. Lakini sanaa hailipi kodi ya nyumba, jamani. Akashika kibarua cha mapokezi katika YMCA ya Evanston, mji wa jirani, huku akijifunza kuigiza.

Second City hufundisha kuigiza bila mswada. Watazamaji wanatupa neno, nanyi mnabuni papo hapo. Mwenzako akisema hapa ni hospitali, usimbishie. Kubali, kisha ongeza lako. Kinachochekesha kinanolewa mpaka kinakuwa mchezo kamili. Basi mwigizaji wa pale ni mwandishi pia, apende asipende.

Fey akaingia katika kundi la kusafiri. Makundi hayo yalikuwa na wanaume wanne na wanawake wawili. Katika kitabu chake Bossypants cha 2011 anasimulia kuwa lilipotolewa wazo la watatu kwa watatu, wakubwa walikataa: eti nafasi za wasichana hazitatosha.

Msomaji, hebu simama hapo. Nafasi zipi? Ungekuwa mchezo wa Shakespeare, sawa, wahusika walishahesabiwa zamani. Lakini hawa walikuwa wanajitungia wenyewe! Anayetunga ndiye anayeamua nani awe daktari, nani awe mgonjwa. Kumbe uhaba ulikuwa vichwani mwa wapangaji.

Nacheka, lakini nakiri: maneno hayo hayo mimi nimeyatamka. Dada mmoja alikuja kwenye kikundi chetu, nikamwambia mchezo umejaa. Mchezo wenyewe nilikuwa bado sijaumaliza, kalamu iko mkononi mwangu! Akashukuru, akaenda zake.

Mwaka 1996 jukwaa kuu la Second City lilipata kwa mara ya kwanza kundi la wanaume watatu na wanawake watatu, Fey na Rachel Dratch wakiwemo. Jukwaa halikuanguka.

Mwaka 1997 Adam McKay, mwandishi mkuu wa Saturday Night Live, naye zao la Second City, akamhimiza Fey apeleke kazi zake. Akaajiriwa kama mwandishi, siyo mwigizaji. Na kazi yenyewe si lelemama: Jumanne mnaandika usiku kucha, Jumatano yote yanasomwa mezani, mengi yanatupwa. Hata mchezo uliosalimika unaweza kukatwa Jumamosi, baada ya mazoezi ya mwisho, muda mfupi kabla ya kwenda hewani. Unazika mtoto wako, wiki ijayo unaanza upya.

Mwaka 1999 akawa mwandishi mkuu, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho tangu kipindi kilipoanza 1975. Kile kiti cha habari za mzaha alikikalia mwaka 2000, pamoja na Jimmy Fallon. Mwaka 2004 ikatoka filamu ya Mean Girls. Mswada aliuandika yeye, na humo akajipa nafasi ya mwalimu. Hakungoja mtu amhesabie.

Siku hizi, kabla sijampa mhusika jina, najiuliza: huyu ni lazima awe mwanamume? Mara nyingi jibu ni hapana. Yule dada sijamwona tena. Kama anasoma ukurasa huu, ajue kwamba nilimdanganya. Nafasi ilikuwepo, mvivu nilikuwa mimi.