Land Rover ya Zamani: Kwa Nini Ngozi Inadumu na Mifupa Inaoza?

Umepata Land Rover ya miaka ya sitini inauzwa. Rangi imepauka, ila bodi haina kutu hata kidogo. Muuzaji anasisitiza: “Gari zima hili, tazama mwenyewe!” Kabla hujatoa hela, turudi kwanza Uingereza ya mwaka 1947. Historia ya huko ndiyo itakayokuonyesha pa kutazama.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeisha miaka miwili tu nyuma. Chuma kilitolewa kwa mgao wa serikali, na viwanda vilivyouza bidhaa nje ya nchi vilipewa kipaumbele. Kampuni ya Rover, iliyozoea kuunda magari ya kifahari, ilibanwa. Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na alilifanyia kazi kwa Jeep ya jeshi la Marekani. Akawaza: kwa nini tusiunde ya kwetu, ya mkulima?

Chuma hakikutosha, lakini alumini ilikuwepo, kwa sababu mahitaji ya ndege za vita yalikuwa yameshuka. Basi bodi ikaundwa kwa Birmabright, mchanganyiko wa alumini na magnesiamu. Chasisi ilibaki ya chuma: mabamba yaliyochomelewa yakawa boksi refu lenye uwazi ndani. Gari likazinduliwa Amsterdam Aprili 30, 1948. Ulikuwa mpango wa muda tu, lakini ukoo wa gari hilo uliendelea kutoka kiwandani hadi 2016.

Sasa ingia jikoni. Umewahi kuona sufuria ya alumini ikila kutu? Kumbe alumini nayo huungana na oksijeni, tena upesi sana. Tofauti ni kwamba tabaka linalotokea ni jembamba mno, linashika imara na kuizuia hewa isiendelee kupenya. Kutu ya chuma huvimba na kubanduka, ikaacha chuma kipya wazi kiliwe tena. Ndani ya boksi la chasisi, tope na maji hukaa muda mrefu. Chuma huoza kuanzia ndani, huku rangi ya nje ikionekana safi.

Kuna jambo jingine. Alumini ikigusana na chuma penye maji ya chumvi, inatokea kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Ukiona unga mweupe kuzunguka bolti au chini ya milango, ndiyo hiyo. Kwa magari ya Mombasa, Tanga au Unguja, kagua hapo mara mbili.

Kwa hiyo lala chini ya gari. Gonga chasisi kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti bubu. Pitisha sumaku. Kwenye bapa za alumini haitashika, usishtuke. Isiposhika kwenye chasisi, yaani umekuta puti. Usisahau boriti ya nyuma kabisa, wala ukuta kati ya injini na miguu ya dereva, ambao nao ni wa chuma.

Fundi akisema atachomelea kiraka, muulize atakishikiza wapi. Kiraka juu ya kutu hakidumu. Lazima akate mpaka akute chuma kizima. Ikiwa sehemu kubwa imekwisha, kuna chasisi mpya zilizochovywa kwenye zinki iliyoyeyuka, kama bati la paa. Zinki hujitoa iliwe yenyewe ili chuma kipone. Wakati wa kufunga bodi, weka mpira au kitenganishi kingine kati ya alumini na chuma.

La mwisho: namba ya chasisi ndiyo utambulisho wa gari kwenye kadi. Ukitaka kubadilisha chasisi, waulize kwanza wanaosajili magari. La sivyo, utafufua gari zuri ambalo huwezi kulitoa barabarani.