Punda wako afundishwe kazi na nani?

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, punda ndiye hubeba maji, kuni na mahindi ya kupeleka mashineni. Akifundishwa vibaya akaikataa kazi, mizigo hiyo hurudi kwa akina mama na watoto.

Kabla hujamkabidhi punda kwa mtu amfundishe, tunashauri uwatazame kwanza punda wa mtu huyo. Je, akiwakaribia hutulia au hurudi nyuma? Migongo yao ina vidonda?

Mfundishaji mzuri huanza kwa kumzoesha kamba na kutembea naye. Hufuata gunia tupu mgongoni, kisha mzigo huongezwa kidogo kidogo. Kazi nzito isubiri hadi atimize miaka 4.

Punda akiogopa, mara nyingi husimama asisogee. Wengi hudhani ni ukaidi, wakamchapa, naye huzidi kuogopa.

Kwa mkokoteni, usimfunge nira ya ng'ombe. Ng'ombe husukuma nira kwa nundu, lakini punda hana nundu. Anahitaji mkanda mpana wa kifuani.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama. Ukiona kidonda, mpumzishe punda na umwite afisa mifugo.